Viti Mia Mbili Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na viti vimehamia ndani. Karakana ya Baba imegusana na ukuta wa nyumba, ina na mlango wa kuingilia sebuleni, na bati lake limetoboka pembe ileile ambayo kila mwaka anaahidi kuiziba kesho. Kwa hiyo viti mia mbili vya ukumbi wa chuo, vya kitambaa cha buluu, vimepangwa sebuleni na koridoni, na vinne kati yake vimeingia chumbani kwangu bila hodi. Kufika jikoni inabidi nitembee upande upande.

Vinakwenda Chuo cha Vioo. Hilo jina nimekipa mimi, maana mbele kote ni kioo kitupu. Baba ni fundi wa makochi, na hajawahi kupata kazi kubwa kama hii. Sheria yake moja, aliyoitangaza huku maji yakimchuruzika usoni: mtu asikalie kiti cha mteja. Tumekula jioni sakafuni, tumezungukwa na viti mia mbili.

Halafu akanigeukia, akasema, "Mwanangu, kimoja kati ya hivi ni chako. Utakikalia miaka minne." Nikacheka. Nilidhani anatania.

Jumanne, 5 Machi

Hatanii.

Alhamisi, 7 Machi

Haya, niandike mambo yalivyo, labda kichwa kitatulia.

Nimemaliza shule, matokeo yametoka mazuri, na ninataka uhasibu. Si kwa sababu ya ofisi wala kiti cha kuzunguka. Napenda vitu viwili vinavyotakiwa kulingana vikigoma kulingana, halafu nikavifuata, nikavisumbua, mpaka vikubali. Mama anasema hiyo si taaluma, ni ukorofi. Sawa. Basi nataka nilipwe kwa ukorofi wangu.

Nafasi nimepata mbili. Moja Chuo cha Vioo: shahada ya uhasibu, na ukiongeza mwaka mmoja wanakupa na uzamili hapohapo. Ya pili ni kile chuo cha serikali nyuma ya kituo cha zimamoto, ambacho mimi nakiita Chuo cha Mabenchi: shahada peke yake, uzamili ukajitafutie mbele ya safari. Mabenchi wanataka nikathibitishe nafasi kufikia Ijumaa, tarehe 26 Aprili, la sivyo wanampa mwingine. Vioo hawana tarehe. Vioo wana haraka ya viti tu.

Baba ameshalipenda neno "uzamili". Analitamka akiwa na misumari mdomoni.

Mama ni mwalimu wa chekechea na akirudi nyumbani hasahau. Nilipomuuliza yeye anaonaje, alisema, "Kila mtu atapata zamu ya kusema." Zamu yake haijafika mpaka leo.

Na yupo Mama mdogo, mdogo wake Mama, anayekaa chumba cha nyuma. Yeye ni msaidizi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu. Ukimpelekea mkate anauliza risiti. Ana shahada ya uhasibu tangu mimi nikiwa mdogo, na mpaka leo anafanya mitihani ya Bodi ya Wahasibu. Mitihani isiyoisha! Kila mwaka tunamwombea, kila mwaka kuna mwingine. Ndugu zetu wanamcheka chinichini, na mimi pia, nisiseme uongo. Nikijiuliza nisiwe mhasibu wa aina gani, jibu linalala chumba cha nyuma.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Chumba changu kinanuka gundi.

Jumatano, 13 Machi

Nilikuwa naosha vyombo, Mama mdogo akaja kufuta. Kimya kimya kama kawaida yake. Halafu akasema, "Jumamosi mnakwenda kutembelea Chuo cha Vioo?"

"Ndiyo."

"Ukifika, uliza swali moja tu. Bodi inawasamehe masomo mangapi?"

Nikamwambia sijamwelewa. Akaeleza akiwa amekazia macho kikombe. Shahada haikufanyi mhasibu kamili. Anayesaini hesabu za kampuni ni mwenye cheti cha Bodi, na cheti kinapatikana kwa mitihani ya Bodi pamoja na kufanya kazi chini ya mhasibu mwenye cheti. Ukitoka chuo ambacho Bodi inakitambua, masomo mengi uliyokwisha kusoma unasamehewa, unafanya yale ya juu tu. Ukitoka chuo kisichotambuliwa, unaanza somo la kwanza, na shahada yako mkononi.

"Na uzamili?"

"Uzamili ni mzuri, hasa ukitaka kufundisha au kupanda cheo. Lakini hausaini hesabu." Akakirudisha kikombe kabatini, akaenda zake.

Nikabaki nikifikiri: huyu naye, yaani ameshindwa yeye, sasa anataka kututisha sote.

Jumamosi, 16 Machi

Chuo cha Vioo ni kizuri jamani, nisikinyime haki yake. Sakafu inang'aa, unajiona ukitembea. Kompyuta za kila mtu na yake. Mkurugenzi mwenyewe alitupokea, suti yake imenyooka utadhani amevalishwa ikiwa bado na pasi ndani. Nimempa jina la Bwana Suti. Alimshika Baba bega, akatangazia wazazi wote: "Huyu ndiye fundi wa viti vyetu, na huyu ni binti yake, mwanafunzi wetu!" Watu wakapiga makofi. Baba alisimama wima mpaka nikahisi atapasua mshono wa koti.

Ndipo nikauliza. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa ajili ya yale makofi, nilichukia kupigiwa makofi kwa jambo ambalo sijalikubali. Nikasema, "Samahani Mkurugenzi, Bodi ya Wahasibu inawasamehe wanafunzi wenu masomo mangapi?"

Akatabasamu. "Swali zuri sana. Mchakato unaendelea."

"Kwa hiyo kwa sasa ni mangapi?"

"Kwa sasa, mchakato unaendelea."

Njiani Baba alisema nimemwaibisha. Kisha akasema ule ukumbi mpya una mteremko mzuri, na viti vyake vitaonekana vyote kwa pamoja kutoka mlangoni.

Jumanne, 19 Machi

Mama aliniuliza kama nimefua. Nikasema mchakato unaendelea. Nikafukuzwa jikoni.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekwenda Mabenchi peke yangu, na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika. Jengo limechoka. Rangi imebanduka, nyuma ya mabenchi ya ukumbi viti vya sponji vimechakaa, choo usiulize. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wamesimama madirishani kwa nje, miavuli juu, wakiandika. Mhadhiri, mama mfupi mwenye sauti ya kuuza mnadani, alikuwa akieleza kwa nini bidhaa ambayo mteja ameshainunua lakini hajaichukua haipaswi kuhesabiwa ghalani kama mali yako. Nilisimama dirishani nusu saa bila kujua kama nimelowa. Kwetu sebuleni kuna viti mia mbili vya namna hiyo hasa!

Karani wa dirisha la udahili alikuwa anapiga miayo. Nikamuuliza Bodi inasamehe masomo mangapi. Hakuinua hata kichwa. "Tisa. Anayefuata."

Tisa. Nilitamani kumkumbatia kupitia kile kidirisha.

Wanafunzi walipotoka nikaingia, nikakaa kwenye benchi la mbele kujaribu. Nilipoinuka, sketi ikabaki. Msumari umeichana kutoka mfukoni hadi chini. Nimerudi nyumbani nikiwa nimejifunga sweta kiunoni, na nani ananifungulia mlango? Baba.

Akaitazama sketi. Akanitazama mimi. "Ndicho chuo chenyewe hicho?"

Jumapili, 24 Machi

Leo sina hamu ya utani.

Mama mdogo alinishonea sketi chumbani kwake. Mara ya mwisho kuingia mle nilikuwa mtoto. Meza ndogo, taa, vitabu vya Bodi hadi usawa wa dirisha, na juu ya stuli lile takia Baba alilomtengenezea zamani alipoanza chuo. Nikamwambia kuhusu "tisa" na kuhusu "mchakato unaendelea". Sindano ikasimama.

"Mimi niliambiwa maneno hayohayo," akasema. "Sikujua kama ni jibu la kuogopa."

Kumbe shahada yake ilitoka chuo ambacho Bodi haikukitambua. Mchakato uliendelea miaka yote minne mpaka akahitimu, kisha chuo chenyewe kikafungwa. Akaanza mitihani ya Bodi kutoka somo la kwanza kabisa, mmoja mmoja, kila anapopata nafasi kazini. Hajawahi kufeli hata mmoja. Hata mmoja! Na sisi tukidhani anarudiarudia. Sasa amebakiza wa mwisho, mwezi ujao.

Nilihisi uso unanichoma. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia, kwa nini amekubali kuchekwa miaka yote hiyo.

"Unajua nani alinichagulia kile chuo?"

Nikajua kabla hajasema.

"Baba yako alikwenda kukikagua mwenyewe. Akarudi anasema kina viti vya maana, mahali penye viti vile hapawezi kuwa pa ovyo. Akauza cherehani yake ya pili anilipie. Mimi shemeji yake tu, si mtoto wake. Ningemwambiaje?"

Akanifanya niahidi kunyamaza. Nimeahidi. Kitu pekee kinachoweza kumgeuza Baba ni kitu ambacho siruhusiwi kukisema.

Jumatano, 27 Machi

Baba amekwenda kukagua Mabenchi. Sikumtuma. Amerudi amelowa na ushindi mtupu machoni.

"Nimepindua viti kumi na viwili," alimwambia Mama. "Kumi na viwili! Hakuna hata kimoja chenye gundi. Misumari imepigwa na mtu aliyekuwa na hasira. Sponji, usiniambie sponji, ni matambara yale."

"Na wanafunzi?" Mama akauliza.

"Walikuwa wanasoma."

"Wakati wewe unapindua viti?"

"Niliwaomba wainuke kidogo."

Mama aliziba uso kwa mikono miwili. Mimi ningecheka kama isingekuwa maisha yangu. Yule mhadhiri wa sauti ya mnada alimwambia Baba, "Mzee, ukimaliza kukagua utusaidie na mlango, haufungi." Baba akamwona hana adabu. Mimi nikazidi kumpenda.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Mvua. Gari la kubeba viti haliwezi kupita barabara yetu. Tumekula sakafuni.

Jumamosi, 6 Aprili

Bwana Suti amekuja kuangalia viti vyake. Aliingia na viatu vyenye tope, akavikagua mstari kwa mstari, na kwa kweli alivifurahia. Mama akamletea stuli ya jikoni, maana sheria ni sheria. Fikiria: mwenye viti mia mbili, amekaa kwenye stuli.

"Barabara ikikauka tu, fundi," akasema, "unaleta viti na unaleta binti. Siku hiyohiyo tunamwandikisha."

"Neno langu hilo," Baba akasema, wakapeana mikono juu ya kichwa changu, kwa kuwa mimi nilikuwa sakafuni.

Alipoondoka nikamwambia Baba kwamba sitaki. Nimelisema hivyohivyo, bila kulipamba. Nikamweleza mambo ya Bodi, tisa, cheti, kila kitu isipokuwa kile kimoja. Akasikiliza huku akipiga msumari. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Mwanangu, mimi maisha yangu yote nimetengeneza viti vya watu wengine kukalia. Sijawahi kumwona mtoto wangu amekalia hata kimoja kwenye mahali pa heshima. Nikuombe hilo tu?"

Nimekwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, nikalia kwa hasira. Bora angefoka.

Jumanne, 9 Aprili

Simsemeshi. Yeye hajui kwamba simsemeshi, kwa kuwa mashine yake ya kupigia pini vitambaa inapiga kelele. Nimepoteza siku nzima ya kununa.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua imepungua. Kwa mara ya kwanza maishani naomba isikatike.

Jumamosi, 13 Aprili

Lazima niandike yote kabla sijasahau hata neno.

Baba alinipa kazi ya kumshikia vitambaa karakanani. Mama mdogo akaingia kutoka kibarazani na takia lake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shemeji, nisaidie. Mtihani wangu wa mwisho ni wiki ijayo, na hili limelala kabisa. Nakaa kwenye mbao."

Baba alilipokea, akalipima kwa kiganja. "Hili si lile nililokutengenezea ulipoanza chuo?"

"Ndilo."

Akalifumua. Sponji ikatoka: ilikuwa ya njano zamani, sasa kahawia, katikati imebonyea na inapukutika. Baba akaigeuza, akaishika mwangani, akakunja uso. Nikamwona ameudhika kama fundi, si kama shemeji.

"Hapana," akasema. "Hii sponji ni ile nzito. Kochi la sebuleni lina hii hii, linakaliwa na ukoo mzima, na halijafika hapa. Miaka minne ya chuo haiwezi kuimaliza hivi. Umeikalia kiasi gani?"

"Si miaka minne, shemeji."

"Sawa, na hiyo mitihani unayorudia..."

Mama mdogo akanitazama. Nilitikisa kichwa, kumwambia sikusema kitu, wallahi sikusema. Akavuta pumzi.

"Sirudii mitihani. Sijawahi kurudia hata mmoja."

Akamwambia. Polepole, bila lawama, kama mtu anayesoma mahesabu ya mtu mwingine. Mchakato. Chuo kufungwa. Somo la kwanza, la pili, la tatu. Jioni baada ya jioni juu ya takia lile, baada ya kazi, likizo, sikukuu. Mvua ilikuwa inapiga bati na ikabidi apaze sauti, kwa hiyo hata Mama alisikia jikoni, akaja akasimama kando ya mlango wa sebuleni na mwiko mkononi.

Baba alirudi nyuma hatua moja, mbili, akaingia sebuleni, akakaa. Alikaa kwenye kiti cha mteja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliuza cherehani, shemeji."

"Kile chuo nilikikagua mimi mwenyewe."

"Ulikagua viti."

Baba alikuwa ameishika ile sponji kwa mikono yote miwili, na makombo yake yakimwagika kwenye kitambaa cha buluu cha Bwana Suti. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Lakini viti... vilikuwa vizuri?"

"Vizuri sana," akasema Mama mdogo. "Mpaka leo sijakalia viti kama vile."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yeye. Halafu mimi, halafu Mama mlangoni mpaka akaangusha mwiko, na mwisho Baba, anacheka na machozi yanamtoka. Akajifuta kwa kipande cha foronya. Akasema, "Nisamehe, shemeji," na Mama mdogo akasema, "Mimi nimeshasamehewa somo gani, niwe mchoyo wa kusamehe?" Tukaanza kucheka upya.

Mimi nilimwangalia yule mwanamke niliyemcheka miaka yote. Nikawaza: nikiwa mhasibu, niwe huyu.

Jumapili, 14 Aprili

Baba hajasema neno lolote kuhusu vyuo. Ameshinda anatengeneza takia. Amelifumua lote, hata mishono iliyokuwa mizima. Hiyo ni tabia yake: kazi ikienda kombo haweki kiraka, anarudi mwanzo.

Jumatano, 17 Aprili

Bado hajasema. Mama mdogo amefanya mtihani wake akikalia takia jipya. Nikamuuliza ulikuwaje. "Mchakato unaendelea," akasema, na mlango ukafungwa. Sikujua kama anaweza utani!

Jua limetoka mchana mzima. Barabara inakauka.

Jumatatu, 22 Aprili

Gari limekuja asubuhi. Baba akaniambia nivae vizuri, tunakwenda wote. Nikavaa. Sikuuliza kitu, nilikuwa nimeishiwa. Ijumaa ndiyo mwisho Mabenchi, na mimi nimekaa mbele ya gari la mizigo katikati ya Baba na dereva, viti mia mbili mgongoni, nikijihesabia kwamba yamekwisha.

Tumeshusha viti, tumevifunga chini kwa skrubu mstari kwa mstari. Ilikuwa alasiri tulipomaliza. Kutoka mlangoni vilionekana vyote kwa pamoja, vya buluu, vimeshuka na mteremko kama alivyosema. Vilikuwa vizuri mno. Baba alisimama akavitazama, na mimi nikamtazama yeye, na nikasema moyoni: haya, nitakaa. Kweli nilikuwa tayari. Kwa uso ule ningekaa.

Bwana Suti akaja akipiga makofi. "Safi sana, fundi! Na binti tunamwandikisha sasa hivi?"

"Mkurugenzi," Baba akasema, "Bodi inawasamehe masomo mangapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Fundi, nilishaeleza. Mchakato unaendelea."

"Viti hivi ulivitaka mwezi huu. Kama leo ningekuletea miguu mitupu nikakwambia mchakato unaendelea, ungenipokea?"

Bwana Suti akanyoosha tai yake. Si mtu mbaya. Alionekana mtu aliyekuwa na matumaini kwamba hakuna atakayeuliza mara ya pili.

"Mchakato ukiisha utuambie," Baba akasema, akampa mkono kwa heshima zote. "Mungu akipenda nitapata wajukuu."

Wajukuu! Mbele ya dereva!

Ndani ya gari tupu nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tarehe nne Machi. Baba alikuwa anatazama nje ya dirisha. "Usinishukuru," akasema. "Vile viti vya kule bado ni vibovu." Nikamshukuru hivyohivyo, nikalia, dereva akaniazima kitambaa chake cha kufutia kioo.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimethibitisha! Karani alipiga miayo, akagonga muhuri, akasema "Anayefuata." Neno tamu kama hilo sijapata kulisikia.

Baba alinisindikiza. Nilipotoka dirishani sikumwona. Nilimkuta ukumbini, amepiga magoti mbele ya benchi la mbele, anagongomea chini ule msumari ulionichana. Alikuja na nyundo ndani ya koti. Mhadhiri wa sauti ya mnada alikuwa amesimama juu yake na mikono kiunoni. "Na mlango, mzee?" Akatengeneza na mlango.

Jumamosi, 11 Mei

Sebule ni kubwa kuliko nilivyokumbuka. Tunakula tumekaa kwenye kochi.

Ijumaa, 24 Mei

Matokeo ya Bodi yametoka. Mama mdogo aliyasoma amesimama jikoni, kisha akakaa palepale sakafuni na viatu vyake vya ofisi, akasema, "Nimemaliza." Si "nimefaulu". Nimemaliza. Mama akapiga kelele ambayo hata watoto wa chekechea hawajawahi kuipiga, wakashikana, wakazunguka. Baba alitoka karakanani mbio akidhani pamewaka moto. Alipoambiwa, alikwenda mpaka kwa Mama mdogo, akainama, akasema, "Mhasibu." Basi, hilo tu. Akarudi kazini na nikamsikia akikosea msumari mara tatu.

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza. Mvua imekwisha kabisa, anga jeupe.

Nilipokuwa natoka, Mama mdogo alinisimamisha na takia mkononi. "Mimi silihitaji tena," akasema. Nikaliona sasa tu vizuri. Baba amelivalisha kitambaa cha buluu, kilichobaki kwenye viti vya Chuo cha Vioo. Lilikuwa limeshonwa tangu ile Jumapili aliyokuwa hasemi.

Nimeliweka juu ya benchi la mbele, msumari umelala, nikakaa. Mama wa sauti ya mnada aliliona, akaniona, akasema, "Wewe ndiye binti wa yule mzee?" Nikasema ndimi. Akasema, "Mwambie mlango unafunga."

Jioni nilimkuta Baba sakafuni katikati ya sponji. Nilikuwa na jibu tayari, maana msimu mzima swali lake limekuwa moja: viti. Akaweka mkasi chini.

"Wamewafundisha nini?"

Nikakaa karibu yake, nikamweleza pande mbili za hesabu, kwamba kila kinachoingia upande mmoja lazima kionekane na upande wa pili, na visipolingana unarudi mwanzo unatafuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Habari ya kiti hakuuliza.